Kwa Nini Mikoko Yenu Inakufa: Mwongozo Kamili wa Kufufua Jaruba la Chumvi Lililotelekezwa, Pwani ya Tanga

"Tumepanda mara tatu, imekufa mara tatu." Maneno haya nimeyasikia kwa vikundi vya Mkinga, vya Pangani, na juzi kwa simu kutoka kwa dada mmoja wa Bagamoyo. Wote wanalaumu mbegu, au kaa, au jua. Nikifika na kuangalia, karibu kila mara nakuta kitu kingine: mche umewekwa mahali ambapo maji ya bahari hayaingii na kutoka kama mti huo unavyotaka.

Ndiyo maana katika mwongozo huu kupanda ni hatua ya sita, na huenda msifike huko kabisa. Njia ya maji ikifunguliwa vizuri, bahari yenyewe huleta mbegu.

Nazungumzia majaruba ya chumvi yaliyoachwa. Eneo lilifyekwa mikoko, likazungushiwa matuta, likatoa chumvi kwa muda, kisha mwenyewe akaondoka. Leo halitoi chumvi, halina kaa, hata kuni hazipo. Kama mnataka kupanda mikoko kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi, au juu ya nyasi za baharini, mwongozo huu si wenu. Pale mti haukuwahi kukaa kwa sababu zake, na mkiharibu hizo nyasi mnawaharibia tasi malisho.

## Vifaa

Vingi ni vya kuazima.

- Majembe, mabeleshi, sururu mbili, na viroba au makarai ya kubebea udongo.
- Vigingi kumi hadi kumi na tano vya urefu wa mita 2. Tumieni mianzi au mbao chakavu. Nimeshaona kikundi kikikata mikoko ili kupata vigingi vya kupandia mikoko.
- Chaki za rangi, pakiti moja ya shuleni.
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mita 20 au zaidi, ule ambao mafundi ujenzi huhamishia usawa ukutani.
- Futi ndefu, kamba, na daftari.
- Simu yenye picha za setilaiti.
- Yai bichi la kuku, la jana au juzi. Kazi yake mtaiona.
- Viatu vinavyobana mguu. Kandambili hubaki matopeni, na chaza walioganda kwenye mizizi wanachana kama wembe.
- Mvuvi anayehesabu maji kwa mwezi. Kalenda ya maji inasaidia, ila mvuvi anajua pia upepo utafanya nini.

## Hatua ya 1: Jueni jaruba ni la nani

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kuchimba au kukata ndani yake kunataka kibali, hata kama nia ni njema. Tena jaruba lililoachwa laweza kuwa bado na leseni yenye mwenyewe.

Anzeni serikali ya kijiji, kisha kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari (BMU), kisha ofisi ya TFS ya wilaya. Ombeni jambo hili liingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na nani atafaidika na nini. Kuna kikundi kilifanya kazi mwaka mzima, kaa waliporudi tu, vijana wa kitongoji cha pili wakaja na mitego yao. Hakukuwa na karatasi ya kuwazuia.

Mmefaulu kama mna kibali mkononi, muhtasari wenye saini, na jina la aliyekuwa na jaruba.

## Hatua ya 2: Tafuteni njia ya zamani ya maji

Kabla ya matuta, maji yalikuwa na mikondo yake, mikubwa na midogo, kama mishipa ya jani. Ukitoboa tuta mahali pengine popote, maji yataingia lakini hayatatoka yote. Dimbwi litabaki, litachemka na jua, na miche itaoza shina.

Fungueni picha ya setilaiti kwenye simu na kuza eneo. Mara nyingi mkondo wa zamani huonekana kama mstari mweusi uliopinda ndani ya jaruba, ukigota kwenye tuta. Upande wa nje mtauona ukiendelea hadi baharini.

Halafu ulizeni wazee, hasa kina mama waliokuwa wakichokoa kombe na chaza hapo. Kwetu simu ilitudanganya, ikatuonyesha mtaro uliochimbwa na wenye chumvi. Bibi mmoja alitusimamisha akiwa na ndoo yake kichwani: "Wanangu, mnachimba mlango wa jirani. Mto ulikuwa pale, penye ule mchu uliopinda. Mimi nimevushwa hapo kwa ngalawa nikiwa mwari." Tulipochimba alipoonyesha, penye huo mti wa mchu (ni aina ya mikoko), sentimita 40 chini tulikuta magamba ya kombe na tope laini jeusi. Huo ndio mkondo.

## Hatua ya 3: Pimeni maji kwa chaki na mpira

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoua miche. Ipeni mwezi mzima.

Mikoko haikai popote kwenye tope. Inakaa nusu ya juu ya eneo ambalo maji hujaa na kupwa, na kila aina ina ngazi yake. Mlilana uko mbele, bahari inamfikia kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui. Kisha msinzi, kisha mkandaa, ambao maji huufikia zaidi wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mchu ni mjanja: utamkuta mbele karibu na mlilana na utamkuta tena nyuma kabisa, kwenye ardhi ya chumvi ambako maji ya bamvua tu ndiyo hufika. Kikandaa naye yuko huko nyuma. Mkomafi na msikundazi hupenda panapochanganyika maji baridi ya mto.

Sasa fanyeni hivi.

Siku ya kwanza, kwenye msitu mzima ulio karibu. Chagueni sehemu iliyotulia, isiyopigwa na mawimbi. Simikeni kigingi kimoja penye mkoko uliostawi, kimoja penye mkandaa, kimoja penye mchu wa nyuma. Pakeni kila kigingi chaki ya rangi kutoka chini hadi juu. Fanyeni hivyo mchana wa bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na usiku usio na mvua.

Siku ya pili, maji yakikupwa. Chaki itakuwa imefutika hadi maji yalipofika. Pimeni kutoka ardhini hadi hapo na andikeni. Tuseme mmepata sentimita 110 penye mkoko, 40 penye mkandaa, na 15 penye mchu wa nyuma. Hicho ndicho kipimo chenu. Cha kijiji kingine hakiwafai.

Siku hiyohiyo, kwenye jaruba. Muwe pia mmesimika kigingi chenye chaki nje ya tuta, mahali maji yanapofika. Alama iliyobaki hapo ni usawa wa bamvua. Jazeni mpira maji, toeni mapovu yote, mtu mmoja ashike ncha kwenye alama ya nje, mwingine avuke tuta na ncha ya pili hadi kigingi cha ndani. Maji yakitulia kwenye ncha zote mbili, wekeni alama. Kisha pimeni kutoka alama hiyo kushuka hadi ardhi ya jaruba. Mkifika mwisho wa mpira, endeleeni kutoka kigingi hicho hadi kingine.

Namba hiyo ndiyo kina cha maji yatakayoingia siku mtakapofungua. Linganisheni: penye 110 mtarajie mkoko, penye 40 mkandaa. Penye 160, wakati hakuna mti jirani unaosimama kwenye kina hicho, msipande kitu, ni pa chini mno. Na ardhi ikiwa juu ya alama, bahari haitapafikia, paacheni.

Onyo: rudieni kipimo kwenye bamvua inayofuata. Upepo wa kusi ukisukuma, maji hupanda zaidi ya kawaida, nanyi mtajenga hesabu yenu juu ya siku isiyo ya kawaida.

Mmefaulu kama mna mchoro wa jaruba kwenye daftari, wenye namba kumi au zaidi, na jina la mti mbele ya kila namba.

Mimi mwenyewe nilifeli hapa kabla sijajua haya. Mradi mmoja ulitulipa kwa idadi ya miche, basi tukapanda penye tope laini, kwa sababu pale mtu anachomeka miche mia akiwa hajatoa jasho. Palikuwa chini sana. Ndani ya miezi michache vijidudu vyenye gamba gumu, vile vinavyoganda kwenye mitumbwi, vilifunika shina zote hadi zikalala kwa uzito. Malipo tulishapokea.

## Hatua ya 4: Vunjeni tuta

Kwanza angalieni nyuma ya jaruba kuna nini. Kama kuna kisima cha maji baridi, minazi, bustani au nyumba iliyo chini ya alama yenu ya bamvua, simameni. Tuta hilo huenda ndilo linalozuia chumvi isifike huko.

Kazi ifanyike siku za maji mafu, karibu na robo za mwezi, maji yanapopanda kidogo tu. Mtapata siku kadhaa za kuchimba bila kusombwa, na maji yakianza kuongezeka yatafungua njia polepole badala ya kupasua kwa ghafla.

Chimbeni pale mkondo ulipokuwa. Upana wa tundu usipungue upana wa mkondo wenyewe nje ya tuta. Kwenda chini, ishieni usawa wa kitako cha mkondo. Mkizidisha mtaacha shimo, mkipunguza mtaacha kizingiti kinachozuia maji kutoka. Jaruba kubwa lina zaidi ya mkondo mmoja, fungueni yote mliyoipata.

Udongo uende kwenye mtaro wa ndani, ule ulio chini ya tuta uliotoa udongo wa kulijengea. Mtaro huo usipojazwa, maji yataufuata wenyewe kila siku na kuuacha mkondo wa asili mkavu. Tuta lililobaki si lazima mlisawazishe lote. Ni njia ya kupita watu na pa kupumzikia ndege.

Onyo kuhusu udongo: mkikuta udongo wa kijivu wenye harufu ya yai bovu, msiurundike juu ukakauka. Ukipata hewa hugeuka rangi ya kutu, na maji yanayoutiririsha huwa makali kama siki, yanaua samaki na miche. Uzamisheni tena matopeni siku hiyohiyo.

Na jambo la usalama: mtu asichimbe peke yake, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine ila kuangalia maji.

Mmefaulu kama, siku ya bamvua, maji yanaingia hadi kona za nyuma, na saa chache baadaye yamekupwa bila kuacha dimbwi.

## Hatua ya 5: Subirini masika yapite

Hapa vikundi vingi hukosa subira, na wafadhili zaidi. Jaruba limejaa chumvi iliyokusanyika. Mvua ya Machi hadi Mei, pamoja na maji yanayoingia na kutoka, ndiyo itakayoiosha.

Yai sasa. Maji yakikupwa, chimbeni shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko katikati ya jaruba. Acheni maji yachuruzike ndani, yachoteni kwenye kopo, yatulie tope, kisha tumbukizeni yai. Yai bichi lililo zima huzama kwenye maji ya kawaida ya bahari. Likielea, maji hayo yana chumvi mara kadhaa ya bahari na hakuna mche utakaostahimili. Subirini, pimeni tena baada ya mwezi. Likizama, msishangilie mapema, maana maana yake ni kwamba mmetoka kwenye hatari kubwa tu. Chuo chochote cha uvuvi kilicho karibu nanyi kikiwa na kifaa cha kupimia chumvi, kiazimeni. (Yai bovu huelea hata kwenye maji ya kisima, kwa hiyo msilete lililosahauliwa chini ya kuku.)

Dalili njema huja kwa mpangilio. Utando mweupe wa chumvi hupotea. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa huanza kutoboa mashimo, na hayo mashimo huingiza hewa kwenye tope. Konokono hufuata. Kisha siku moja mtaona miche ya mchu yenye majani mawili, imekwama kwenye magugu yaliyoletwa na maji. Hesabuni miche iliyojiotea kwenye vipande vitano vya mita 10 kwa 10. Ikiwa kila kipande kina miche mingi iliyotawanyika vizuri, hatua ya sita haiwahusu. Nendeni ya saba.

## Hatua ya 6: Pandeni palipobaki wazi tu

Rudini kwenye mchoro wa hatua ya tatu. Kila mti kwenye namba yake.

Mkoko. Chumeni mbegu ndefu zilizokomaa. Dalili ni pete ya manjano pale mbegu inapotoka kwenye tunda, na ukiisokota kidogo inaachia. Ikigoma, haijawa tayari. Msichume zote kwenye mti mmoja, wala zenye matundu. Ziwekeni kivulini siku chache kabla ya kupanda, kwani kaa huzipenda zaidi zikiwa mbichi. Chomekeni theluthi moja ya urefu, ncha kali chini. Msiichonge ncha hiyo, ndiko mizizi itokako, na msiigonge kwa nyundo. Tope likigoma kupitisha mbegu kwa mkono, huenda hapo si mahali pake.

Mkandaa na msinzi ni vivyo hivyo, mbegu zao fupi zaidi.

Mchu. Mbegu yake ni kama harage lililovimba na huelea, ukiirusha tope tupu inaondoka na maji. Njia rahisi ni kuchukua miche midogo iliyosongamana chini ya mti mama, ambayo mingi ingekufa, pamoja na donge la tope kwenye mizizi, na kuihamisha siku hiyohiyo jioni.

Acheni mita 2 hivi kati ya mche na mche, yaani miche 2,500 kwa hekta iliyo wazi yote. Mita 1 inataka 10,000, ambayo hupendeza kwenye ripoti zaidi ya inavyosaidia. Wala msihangaike na mistari.

Mmefaulu kama ndani ya mwezi mmoja au miwili majani ya kwanza ya mkoko yamefunguka, na mche ukiuvuta kidogo unashikilia.

## Hatua ya 7: Hesabuni kila miezi mitatu

Vipande vilevile vitano, kigingi kilekile, picha kutoka pembe ileile. Mkiona vifo vinazidi nusu, marufuku kupanda tena kabla ya kujua sababu.

- Shina limefunikwa na vijidudu vya magamba: ni chini mno.
- Majani madogo, ya manjano, pembeni yamekauka: chumvi, au maji hayafiki. Angalieni kama tundu limeziba mchanga.
- Shina limeoza chini: maji hayatoki.
- Mche umekatwa safi karibu na ardhi: kaa.
- Majani ya mchu yameliwa juu: mbuzi. Hapo dawa ni kuzungumza na mwenye mbuzi, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

## Hatua ya 8: Kipato wakati miti ikikua

Fito na boriti msizihesabu kwa miaka mingi, na hata zikifika, kuzivuna ni kwa kibali.

Kaa wa mikokoni ndio wa kwanza kurudi. Wengi huuza kaa wepesi, wasiojaa nyama, kwa bei ya kutupa. Wawekeni kwenye vizimba vya mianzi au wavu kandokando ya mkondo, kila mmoja chumba chake maana wanalana, mkiwalisha mabaki ya samaki wiki kadhaa hadi wajae. Jike mwenye mayai tumboni arudishwe majini.

Nyuki hupenda maua ya mchu. Mizinga itundikwe upande wa nchi kavu, juu ya alama ya bamvua. Wekeni beseni la maji baridi lenye vijiti vya kutua, kwa kuwa nyuki hawezi kunywa ya bahari.

Pesa za hewa ukaa, yaani malipo kwa hewa ukaa ambayo mikoko huivuta na kuihifadhi. Jirani zetu wa Gazi, Kwale ya Kenya, wanauza hewa ukaa ya mikoko yao tangu 2013, na mapato yameingia kwenye maji na shule za vijiji vyao. Kwa hiyo mtu akija na habari hizi si lazima awe tapeli. Lakini msitu ni wa serikali, basi TFS wawepo mezani tangu siku ya kwanza. Mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu: ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata sehemu gani, na itakuwaje kama miti ikifa. Atakayesema hakuna muda wa kuusoma, mwambieni arudi bamvua ijayo.